Jino Lililouma Mji Ulipojifunga

Kama unasoma haya huku umeshika shavu, na daktari amekuambia usubiri, basi nimekuandikia wewe. Mimi si tabibu. Ninachojua ni jinsi mwili wangu ulivyokuwa, na jinsi watu wa nyumbani kwangu walivyokuwa, tangu masika yalipoanza mpaka kusi ikashika. Mengine nayakumbuka sawasawa. Mengine yamekaa kichwani kama mambo ya usingizini, nami nitayaeleza hivyohivyo yalivyo.

Naitwa Mwanahawa. Nimezaliwa Kigombe, nimeolewa Tanga mjini, mtaa wa Chumbageni, katika nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Shuweikha. Mume wangu Salehe ni dereva wa lori la mizigo. Mimi nafanya kazi redioni, si mtangazaji wa vipindi vikubwa, nasoma matangazo tu: vifo, mikutano, mbuzi aliyepotea, salamu za harusi. Mwaka ule wa korona harusi ziliadimika, nikawa nasoma zaidi habari za kunawa mikono.

Jino lenyewe lilikuwa gego la chini, kushoto. Daktari Shemweta, ambaye asubuhi huwa hospitali kubwa na jioni kwenye zahanati yake ndogo ya meno, alikuwa ameanza kulitibu mzizi. Alilitoboa, akalisafisha, akaliziba kwa dawa ya muda, akaniambia nirudi amalizie. Kabla siku yangu haijafika, shule zikafungwa, ndege zikaacha kutua, watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko. Hatukufungiwa majumbani kama tulivyosikia kwa wenzetu wa nchi nyingine. Mji wetu ulijifunga wenyewe, taratibu. Leo huyu hatoki, kesho yule hafungui duka, mpaka unatembea barabarani mchana unasikia mnyororo wa baiskeli moja tu, na baiskeli yenyewe huioni.

Nilirudi zahanati siku ya mvua. Benchi la nje lilikuwa limebandikwa utepe mwekundu, kuonyesha pa kukaa na pa kuacha wazi. Mlangoni palikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni kilichotoboka katikati. Tulikaa watu wachache, kila mmoja kashika upande wake wa uso, tukiitazama mvua ikimwagika kutoka kwenye bati. Nakumbuka niliona raha ya ajabu kukaa vile, kama vile maumivu yetu yalikuwa kitu kimoja tulichokuwa tumekiweka katikati.

Daktari hakuniita ndani. Alitoka mwenyewe mpaka kizingitini, kavaa barakoa, na juu yake karatasi ya nailoni iliyofunika uso mzima.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Mwanahawa. Leo siwezi kukuweka kwenye kiti. Mashine ile inarusha mate hewani, chumba kizima. Tumeambiwa tuisimamishe kwanza."

"Sasa jino langu?"

"Nikitaka naweza kuling'oa sasa hivi. Lakini ni jino linaloweza kupona, nalionea huruma. Wewe unasemaje?"

Nilimwambia nitasubiri. Nani anapenda kung'olewa jino? Akanipa dawa za kuua wadudu na za maumivu, kisha akasogea hatua moja, jambo ambalo siku zile watu hawakulifanya, akasema polepole: "Nisikilize vizuri. Uvimbe ukishuka chini ya taya, au ukaona ulimi unainuka, au ukashindwa kumeza mate, usiningoje mimi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama umesikia nini kuhusu hospitali."

Niliitikia kwa kichwa, nikaenda zangu nikikanyaga madimbwi.

Dawa zilinisaidia. Ramadhani iliandama nikiwa mzima, au karibu na mzima. Nilikunywa vidonge wakati wa daku na wakati wa kufuturu, na mchana nilibana karafuu kwenye gego bila kuimeza. Bi Shuweikha ndiye aliyekuwa akinipa karafuu hizo. Tulikuwa tunaishi kwa heshima, mimi na yeye, bila ugomvi na bila mazungumzo mengi. Yeye ni mtu wa ukoo mkubwa, wazee wake walikuwa na mashamba na biashara, na nyumba ile ya dari refu anaipenda ikiwa kimya. Mimi ni mtoto wa Kigombe, nimekulia kwenye kelele. Salehe ndiye aliyekuwa daraja letu, na Salehe hakuwepo. Lori lake lilikuwa limekwama mpakani Horohoro, kwenye foleni ya madereva wanaongoja kupimwa. Alikuwa akipiga simu jioni, nyuma yake ikisikika sauti ya wanaume wengi waliochoka.

Maumivu yaliporudi hayakuja kama kwanza. Mwanzoni jino lilikuwa likiuma kwa kuchoma. Safari hii lilikuwa likigonga, taratibu, kwa mwendo wa moyo. Shavu likajaa. Redioni barakoa ilinisitiri, hakuna aliyeona. Lakini sauti haifichiki. Fundi mitambo wetu aliniuliza kupitia kioo, "Mwanahawa, una tende mdomoni?" Nikacheka, na kucheka kukaniuma mpaka sikioni. Kesho yake mlinzi wa getini alinielekezea kipima joto kwenye paji la uso, akakitazama, akanitazama, akarudi nyuma. Mkuu wetu alinipigia simu nikiwa bado nimesimama palepale nje. Alisema nirudi nyumbani nipumzike, na sauti yake ilikuwa ya upole sana, upole wa mtu anayekuogopa.

Nililala chumbani, dirisha limefunguliwa, mvua ikija na kuondoka. Nilikuwa nimeacha kufunga. Hapo ndipo siku zilipoanza kuchanganyika. Redioni walikuwa wamerekodi sauti yangu ya kunawa mikono, nao waliendelea kuipiga kila baada ya muda. Jirani yetu ana redio yenye sauti kubwa. Basi nikawa nimelala siwezi kufungua mdomo hata kupitisha kijiko, huku upande wa pili wa ukuta najisikia nikiongea vizuri kabisa, nikiwaambia watu wasugue hadi katikati ya vidole. Sauti ile ilikuwa na afya. Ilikuwa changamfu. Wakati mwingine niliisubiri, na ikichelewa nilipata wasiwasi, kama vile ndiyo iliyokuwa mimi na huyu aliyelala ni mgeni tu.

Mtaani walisikia kwamba msoma matangazo ana homa na amerudishwa nyumbani. Mambo mengine wakajaza wenyewe. Alasiri moja nilisikia sauti za wanawake nje, na Bi Shuweikha akitoka barazani.

"Tumekuja kukupa pole, Bi Shuweikha," mmoja alisema kutoka mbali.

"Pole ya nini?"

"Ya mkweo. Tumesikia amefariki."

"Yumo ndani. Anaumwa jino."

"Jino tu?"

"Jino tu. Na kama mnataka kumzika, mngojeni kwanza apone."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Lakini niliposikia kandambili zao zikiondoka nililia, kwa sababu hakuna aliyebisha hodi. Najua walikuwa na watoto. Najua mimi pia huenda nisingebisha.

Ile iliyonitesa zaidi ya jino ilikuwa simu ya Salehe jioni hiyo. Bi Shuweikha alikuwa ameiweka kwenye spika.

"Mama, mpeleke hospitali."

"Hospitali wenye homa wote wanawekwa pamoja. Ataingia na jino, atatoka na korona. Kama atatoka."

"Mama, sauti yake siisikii kabisa. Kwa nini haongei?"

"Kwa sababu amevimba. Nitamfukiza, uvimbe utashuka."

"Nakuomba, mama."

"Salehe, wewe uko Horohoro. Mimi ndiye niko naye."

Akakata simu. Mimi nilikuwa pale kitandani katikati ya maneno yao na sikuwa na neno langu.

Asubuhi yake alichemsha sufuria kubwa: mchaichai, majani ya mwarobaini, mkaratusi, ganda la limao. Watu wote walikuwa wakijifukiza siku zile, hata wasioumwa. Nilikaa juu ya kigoda, nikafunikwa blanketi, mvuke ukanipanda usoni. Giza, joto, harufu ya majani. Nikaondoka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilikuwa Kigombe, maji yamekupwa mbali sana, mbali kuliko nilivyopata kuona, na marehemu mama yangu yuko huko kwenye miamba kainama anatafuta pweza. Mchanga ulikuwa mweupe na wenye vijito vidogo vinavyong'aa. Aliinua kichwa akaniita. Nilitaka kumwitikia, lakini mdomo ulikuwa umejaa mchanga, na nilivyozidi kuutema ndivyo ulivyozidi kujaa. Mama hakuonekana kuwa na haraka. Alikuwa akinitazama tu, mkono kaukinga juu ya macho, na nyuma yake maji yameanza kurudi.

Nilipozinduka nilikuwa nimelifunua blanketi. Mate yalikuwa yakinitoka kwenye kona ya mdomo, yamelowesha kanga. Nilijaribu kuyameza, koo likakataa. Nilisogeza ulimi nikakuta uko juu, umebanwa karibu na kaakaa, kama kuna kitu kimeingia chini yake kikausukuma. Hapo maneno ya Daktari Shemweta yalinijia moja moja, na karatasi yake ya nailoni, na mvua.

Sikuweza kusema. Nilimshika Bi Shuweikha mkono, nikauweka chini ya taya langu. Alipabonyeza kwa vidole. Palikuwa pagumu kama ubao.

"Pagumu," alisema.

Akakaa chini, juu ya mkeka, karibu na ile sufuria inayofuka. Kisha akazungumza bila kunitazama.

"Baba yake Salehe aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Nikarudi na nguo zake kwenye mfuko."

Sikuwa nikijua habari hiyo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuieleza. Nilimwangalia. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyokuwa nikimwona siku zote, na alikuwa anaogopa. Akasimama, akavaa buibui lake, akafunga barakoa, na yangu akanifunga yeye, kwa chini akailegeza, isiguse uvimbe.

"Twende," alisema.

Dereva wa bajaji aliponiona alisita. Bi Shuweikha alimwambia, "Mwanangu, huyu ana jino. Mimi nakaa naye ubavuni, unaniona. Kama ni la kuua, litaanza na mimi." Yule kijana akafungua turubai za pembeni upepo upite, akatupeleka.

Hospitali, getini, ndoo nyingine, kipima joto kingine. Nikaelekezwa kwenye hema la wenye homa, viti vya plastiki vimepangwa mbalimbali, kila mtu anamsikiliza mwenzake anavyokohoa. Bi Shuweikha alizuiwa kwenye kamba. Nilikaa nimeinama mbele kwa sababu nikiegemea nyuma pumzi ilikuwa nyembamba. Hema lilikuwa la buluu, na mwanga wake ulituchovya wote. Tulionekana kama watu waliokaa chini ya maji. Sikuwa na hofu tena, na sasa najua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Nilikuwa karibu kulala.

Nilimsikia Bi Shuweikha. Mtu ambaye miaka yote sikumsikia akipaza sauti, aliipaza pale kwenye kamba.

"Nesi, njoo umtazame mdomo. Huyo hana kikohozi. Ana jino."

"Bibi, ana zamu yake. Anaitwa nani?"

"Mwanahawa. Yule anayesoma matangazo redioni."

Nesi alinigeukia. "Mwanahawa wa redioni? Si walisema amefariki?"

Nilitikisa kichwa. Aliguna kwa kicheko nyuma ya barakoa, akanisogelea, akaishusha ya kwangu kidogo. Kicheko kikakatika. Alinishika mkono akaninyanyua palepale, na njiani alikuwa akiita jina la daktari.

Aliyekuja alikuwa amevaa vazi la nailoni mwili mzima, sikuweza kumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa sauti.

"Nilikwambia ulimi ukiinuka," alisema Daktari Shemweta. "Vizuri umekuja."

Hakunilaza. Alisema nikilala njia ya hewa inaweza kuziba, kwa hiyo nikakalishwa wima, nesi kanishika kichwa kwa nyuma. Ganzi ilisaidia nusu. Alinipasua chini ya taya, na kilichotoka sitakieleza, ila harufu yake ilijaza chumba na nesi hakugeuza uso. Hilo sitalisahau. Aliingiza kipande cha mpira ili usaha uendelee kutoka. Kisha, mdomo ulipoachia kidogo, akaling'oa lile gego tulilokuwa tumelionea huruma.

"Meza mate," aliniambia.

Nikameza. Yaliuma, yakashuka. Mpaka leo sijapata kitu kitamu kama mate yale.

Wodini siku zilihesabiwa kwa kubadilishwa bandeji: ya asubuhi, iliyouma, na ya jioni, iliyouma kidogo. Wageni hawakuruhusiwa. Bi Shuweikha alikuwa akileta uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, anaukabidhi getini, kisha anazunguka mpaka kwenye uzio ulioelekea dirisha langu. Anasimama tu. Mimi nauvuta uji kwa mrija huku tunatazamana kupitia nondo, yeye kwenye jua, mimi kivulini. Nilipomaliza nilikuwa nainua kikombe aone. Naye anaondoka. Sikukuu ya Idi ilitukuta hivyo. Siku hiyo aliweka tambi laini kwenye kibakuli, zimelowekwa kwenye maziwa, nikazinyonya moja moja.

Siku moja kwenye uzio walisimama wawili. Salehe alikuwa amepimwa, ameruhusiwa, amekonda. Aliweka mkono kwenye waya nami nikaweka mkono kwenye kioo. Lakini yeye na mama yake walikuwa wamesimama mbalimbali, na si kwa sababu ya korona.

Niliporudi nyumbani kusi ilikuwa imeanza, asubuhi za ubaridi, anga limeoshwa. Nilikuwa na kovu chini ya taya, nywele zinazobaki kwenye kitana, na mdomo unaofunguka upana wa kidole. Daktari alinipa mazoezi: vijiti vya aiskrimu, naviweka katikati ya meno, kila baada ya siku chache ninaongeza kimoja. Usidharau mazoezi hayo. Yanachosha na yanatia aibu, na ndiyo yanayorudisha mdomo. Mdomo wangu wa chini upande mmoja ulikuwa na ganzi kwa miezi. Nilikuwa nakunywa chai na sijui kama imenimwagikia.

Salehe alikuwa hasemi na mama yake. Salamu tu. Chakula kilikuwa kinaliwa kwa sauti ya vijiko. Jioni moja nilimwambia aje tukae ukumbini, nikazungumza kwa ile sauti yangu ya meno yaliyobanana.

"Unajua baba alivyoondoka?"

"Aliugua. Nilikuwa bweni, shuleni."

"Muulize mama."

Hakumuuliza mbele yangu. Lakini nilikuwa jikoni nilipowasikia barazani, sauti ya Bi Shuweikha ikieleza taratibu, ndefu, ikisimama na kuendelea, na Salehe akiitikia "eeh, mama". Sikusogea kusikiliza. Waliporudi ndani, Salehe alikuwa amebeba kiti cha mama yake.

Redioni nilirudi mdomo ulipopokea vijiti vya kutosha. Sauti haikuwa ileile. Imeshuka kidogo, na baadhi ya maneno nayatamka kwa uangalifu. Watu walipiga simu kuuliza kama kweli ni mimi.

Sasa nikuambie la mwisho. Kwa kuwa nilikuwa nala vilivyopondwa, Bi Shuweikha alikuwa akinipikia na kula nami: ndizi za kuponda, samaki aliyechambuliwa, boga. Taya langu likapona, nikarudi kwenye mkate na nyama. Yeye akabaki kwenye boga. Nikamtazama anavyokula, chakula anakihamishia kulia, anafumba jicho kidogo akimeza chai ya moto. Nikamuuliza. Akasema ni jambo la zamani, limeshazoeleka.

Zahanati ya Daktari Shemweta ilipofunguliwa tena, nilimwambia avae tutoke. Hakuuliza tunakwenda wapi, lakini alijua, maana njia nzima alinishika mkono kama mtu anayevushwa barabara. Benchi lilikuwa wazi, utepe umebanduka zikabaki alama zake. Tulipoitwa, alikaa kwenye kile kiti, miguu haifiki mwisho, buibui kalikusanya magotini.

"Mwanahawa," alisema, "atakata?"

"Hakati, mama. Anatazama tu kwanza."

"Usitoke."

"Sitoki."

Daktari akawasha taa. Bi Shuweikha alifumba macho, akanibana vidole mpaka pete yake ikaniingia kwenye ngozi. Kisha akafungua mdomo, kidogo, na tena zaidi kidogo.